Swali Nililolipita

Nilikuwa nikifundisha Adili na Nduguze, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952 na kusukwa kama ngano. Mada ya siku hiyo ilikuwa msaada wa ndugu na marafiki. Nikaandika ubaoni kwamba Adili aliwapokea ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliporudi mikono mitupu, akagawana nao mali yake. Wanafunzi wakanakili.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kabla ndugu zake hawajamtupa baharini, Adili angemwambia nani kwamba wanamwonea?"

Nikamjibu kuwa swali hilo haliji kwenye mtihani. Wenzake wakacheka, naye akakaa.

Ile ilikuwa dalili ya kwanza, nami niliipita. Ya pili ilikuja katika insha yake. Aliandika kwamba angependa Huria, yule jini aliyemwokoa Adili majini, afike siku moja nyumbani kwao. Nikapiga mstari mwekundu na kuandika: umetoka nje ya mada. Wiki hizo alikuwa akisinzia tangu kipindi cha kwanza, na joto lote lile hakuvua sweta. Nilimkaripia kwa uvivu. Halafu rafiki yake, aliyekaa naye dawati moja, akaja kusimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamwambia arudi darasani, atakuja baadaye. Hakuja tena.

Mwezi uliofuata nafasi ya yule kijana ilibaki tupu. Hapo ndipo nilipomwita rafiki yake, nikasikia yote. Kijana yule alikuwa yatima, akiishi kwa kaka yake. Alibebeshwa mizigo sokoni hadi usiku, na fedha zikipungua, alipigwa. Chakula chake shuleni kilikuwa nusu ya chapati ya huyu rafiki. Basi msaada wa rafiki niliokuwa nikiuandika ubaoni ulikuwa ukifanyika mbele yangu, kila siku, saa nne asubuhi.

Baadaye shangazi yake alimpata na kumchukua, lakini shule hakurudi.

Sisemi haya kuwanyooshea walimu kidole. Silabasi ni ndefu, madarasa yamejaa, na hata leo naweza kuteleza vilevile. Ila nakuomba, mwalimu mwenzangu: ukifika pale Adili anapotupwa baharini, funga kitabu kidogo, zitazame nyuso zilizo mbele yako. Na mtoto akisimama mlangoni, weka kalamu chini, mwache aingie.