Amri ya Nane na Damu ya Watoto Wetu

Wanafunzi walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu, hawakuuliza atasaidiwaje. Walitaka kujua aliyetenda dhambi ni yeye au ni wazazi wake. Habari hiyo ya Yohana sura ya 9 tumeisikia mara nyingi kanisani, na bado swali la wanafunzi linatembea kwetu, Buswahili, Butiama na Bunda, hadi mitaa ya Musoma mjini. Mtoto analia usiku kwa maumivu ya mifupa. Vidole vimevimba, macho yamekuwa ya njano. Baada ya wiki mbili anacheza na wenzake kama hakuwa na kitu, kisha siku za baridi zinamrudisha kitandani. Kabla hajafikishwa zahanati, kesi imekwisha kuamuliwa nyumbani: ama bibi wa jirani amemroga, ama mama yake ametoka na damu mbaya kwao.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoieleza amri ya nane haishii kutukataza kumsingizia jirani, anatutaka tumtetee. Hapo ndipo tunapopata swali letu. Mtu anayetamka chanzo cha ugonjwa asichokijua, wakati ipo njia ya kukijua, je, huyo ni mjinga tu wa kuhurumiwa, au amekwisha kutoa ushahidi wa uongo?

Zamani tungeweza kusema ni ujinga. Ugonjwa tunaousema ni selimundu, ambao wengi tunauita siko seli. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hupinda mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa myembamba na kufa kabla ya wakati wake. Wazee wetu wangeujuaje? Hata hivyo, wachache kati yetu wanafahamu kwamba damu ya hapa Musoma ni sehemu ya historia ya elimu hiyo duniani. Miaka ya 1950 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Musoma, na hesabu alizozitoa mwaka 1956 hutumika kufundishia vyuoni mpaka leo. Katika watoto wachanga 287, aliowakuta na ugonjwa wenyewe walikuwa 9. Katika watu wazima 654, walikuwa 5 tu. Kwa watoto ni kama watatu katika kila mia, na kwa watu wazima hawafiki hata mmoja. Wale waliopungua hapo katikati hawakupona, walizikwa.

Hesabu hizo zina upande wa pili. Mtu hurithi ugonjwa huu pale tu anapopokea kinasaba chake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Aliyepokea kimoja tu kwa kawaida huishi bila kuugua, tena malaria kali humpata kwa shida. Watu wa namna hiyo walikuwa 89 katika wale watoto 287, lakini katika watu wazima walikuwa 249, yaani kutoka 31 hadi 38 katika kila mia. Kinasaba hicho kiliwakinga babu zetu waliokaa kando ya ziwa na kando ya Mto Mara pamoja na mbu wake. Kwa hiyo neno “damu mbaya” ni uongo mara mbili. Damu hiyo iliulinda ukoo, na haikutoka upande mmoja. Mume anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya mtoto wa selimundu anamwadhibu kwa jambo ambalo nusu yake ametoa yeye.

Leo kujua si kazi kubwa. Tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga linatosha. Wataalamu waliochunguza watoto wa Kanda ya Ziwa kwa matone yaliyokaushwa kwenye karatasi, yale yale yaliyochukuliwa kwa ajili ya kipimo cha UKIMWI, waliona kwamba mtoto mmoja hivi kati ya watano ana kinasaba kimoja, na kama mmoja kati ya mia ana ugonjwa. Akijulikana mapema, hupewa penisilini mpaka atimize miaka mitano, chanjo, na kinga ya malaria. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea. Wengi walihofu kwamba ingewadhuru watoto wa nchi zenye malaria, lakini majaribio ya Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, yaliyotangazwa kufikia mwaka 2019, yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wameanza kupandikizwa uloto. Huko Uingereza na Marekani, tangu mwishoni mwa 2023, yameruhusiwa matibabu ya kurekebisha kinasaba chenyewe, kwa bei ya zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Hayo ya milioni mbili tuyaache kwanza. Penisilini ni ya shilingi zetu.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kukubali maneno “ni mapenzi ya Mungu” yasemwe upesi juu ya kaburi la mtoto ambaye hakupimwa. Mungu naye ana jina la kutunzwa.

Lakini kuna pingamizi moja ambalo hatutalipuuza. Kipimo nacho kinaweza kugeuka masengenyo. Binti akijulikana ana kinasaba, je, hataitwa mgonjwa na kukosa mchumba? Sharika nyingi huwataka wachumba wapime UKIMWI, na wapo wanaoshauri selimundu iongezwe hapo hapo. Kwa maoni yetu, kungoja hadi matangazo ya ndoa ni kuchelewa. Ng'ombe wa mahari wakishatoka zizini, kipimo hakiwi tena habari, kinakuwa hukumu, na anayehukumiwa kwa kawaida ni msichana. Vijana wafundishwe katika darasa la kipaimara, wavulana na wasichana pamoja, kabla moyo haujafungwa kwa mtu. Majibu yawe ya mwenyewe, si ya baraza la wazee. Na wawili wenye kinasaba wakichagua kuoana, mchungaji hana haki ya kuwakatalia. Aliye wajibu kuwaeleza aeleze wazi kwamba kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Wakimpata mtoto huyo, usharika uwe tayari na nauli ya Mwanza, na kuchangia damu, kwa maana siku damu yake itakapopungua haitoshi kumwombea tu.

Anabaki yule bibi wa jirani. Kanda yetu ya Ziwa inawajua vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, kwa hiyo jina lililotajwa katika ugonjwa wa mtoto si jambo la mzaha. Majibu yakitoka kwamba ni selimundu, kumtetea jirani ni mtu kuondoka, kufika mlangoni kwake, na kusema kwamba hakuhusika, mbele ya wale wale waliosikia akitajwa. Tumeona majibu yakipokelewa hospitali, dawa zikaanza, mtoto akarudi shule. Kwenda kwa yule bibi, mara nyingi hakuna anayekwenda.