Dawa Mpya, Siku za Nani?

Wenzangu wa kalamu, hoja hii ilitugawa kijiweni hapa Ngarenaro kama Simba na Yanga: mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa mwilini, aanzishiwe dawa mpya au aachwe apumzike? Wengine wakasema uhai ni uhai, hata wa siku moja. Wengine wakajibu, mnamtesa bure mtu wa watu. Katika kelele zote zile hakuna aliyemtaja mgonjwa kama mtu mwenye mdomo wake.

Hebu tuliweke swali sawa. Saratani ikishavuka, tuseme kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mapafu au mifupa, mara nyingi dawa haiing'oi tena. Inaipunguza kasi, inatuliza maumivu, inaongeza muda. Nayo inadai malipo yake: kutapika, nywele kunyonyoka, siku kadhaa hujiwezi baada ya dripu, na wiki ya tatu unaanza upya. Sisi wa Arusha tujumlishe na barabara. KCMC iko Moshi, kilomita kama 80. Kwa mionzi, watu wa kaskazini kwa miaka mingi walipanda basi hadi Ocean Road, Dar es Salaam, kutwa nzima njiani. Kwa mtu aliyebakiza miezi, kutwa ya basi si kitu kidogo.

Kwa hiyo dawa mpya ni biashara ya siku kwa siku: unatoa hizi upate zile. Ni biashara halali kabisa. Lakini jamani, tangu lini mtu akatumiwa siku zake bila kuulizwa?

Mama mmoja wa mtaani kwetu alifanyiwa hivyo. Majibu walipewa watoto. Yeye akaambiwa kuna uvimbe, dawa mpya itaumaliza. Usiku akamuuliza binti yake, "Mwanangu, hii ni ya kupona au ya kusogeza siku?" Binti akajibu, "Ya kupona, mama." Mama alikuwa na kishamba Oldonyo Sambu hajakigawa, na dada yake Singida ambaye walikuwa hawasemeshani. Akasema atapanda basi kwenda kuyamaliza akishapona. Alizikwa hajaenda. Sasa wanawe wanavutana juu ya kishamba kile.

Wanaoficha wana hoja yao, na si ya kipuuzi: ukimwambia, atakufa kwa presha kabla ya ugonjwa, tumaini nalo ni dawa. Sawa. Lakini kumbukeni mwaka 2011, magari yalivyopita hapa mjini kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili ya kikombe kile, na hilo silitetei hata kidogo. Ninachosema ni kwamba wengi katika foleni ile walijua ugonjwa wao kwa jina, na bado walitumaini, wakalala barabarani kwa tumaini hilo. Ukweli haukuwaua.

Tena anayejua hali yake hupanga. Mwalimu Nyerere aligundulika na saratani ya damu mwaka 1998, akaendelea kusuluhisha Warundi papa hapa Arusha. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba ukatiwa saini Agosti 2000 chini ya Mandela. Siku zake alizitia kwenye kazi aliyoichagua.

Halafu kuna hili neno "kukata tamaa" tunalowabandika wanaokataa dripu. Kukataa dripu si kukataa kutibiwa. Selian, pale Ngaramtoni, wana huduma ya tiba shufaa: wanamfuata mgonjwa nyumbani, maumivu yanatulizwa, familia inasikilizwa. Na si lazima mtu achague moja. Tiba shufaa na dawa mpya vinaweza kwenda pamoja.

Daktari aulizwe mbele ya mgonjwa, si koridoni: dawa hii ikifanya kazi vizuri kabisa, itampa nini? Isipofanya, tutajuaje, na tutaiacha lini? Kisha tumgeukie mwenyewe. Akisema anaitaka, hata kama ni ili aone kipaimara cha mjukuu wake Desemba tu, basi sisi wa kijiweni tunyamaze, tuchange nauli ya Moshi.