Pazia la Bibi Aisha na Cherehani za Jabe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, aliyewapa wanadamu mavazi ya kusitiri tupu zao na mavazi ya pambo, kisha akatufahamisha katika Suratul A'raf kwamba vazi la uchamungu ndilo bora kuliko yote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Mada niliyopewa na ndugu wa kamati ni uchumi wa familia ya Kiislamu. Ni mada pana mno, nami nimeipunguza hadi ikaenea kwenye tundu la sindano. Nitazungumzia kushona, na jinsi ya kuiweka nyumba vizuri kwa kipato kidogo, kama zilivyo nyumba nyingi za Jabe tunakotoka au tunakopanga. Kaka anayedhani mada hii ni ya akina dada peke yao asifunge ukurasa bado, zamu yake inakuja.

Imamu Muslim amepokea katika Sahihi yake kisa cha Mama wa Waumini Aisha, Allah amridhie. Mtume (s.a.w.) alikuwa ametoka katika msafara wa vita. Bibi Aisha akachukua kitambaa cha mapambo akakitundika mlangoni. Mtume aliporudi na kukiona, alama ya kuchukia ilionekana usoni mwake. Akakivuta mpaka kikachanika, akaeleza kwamba Allah hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo. Riwaya nyingine za kisa cha pazia zinataja kuwa lilikuwa na picha za farasi wenye mbawa. Imamu Nawawi alipoisherehesha hadithi hii alisema kwamba maneno ya Mtume hayaharamishi kufunika ukuta, yanaonyesha tu kwamba si jambo la wajibu wala la sunna. Wapo wanachuoni wengine waliokwenda mbali zaidi.

Wengi wetu huishia hapo tunapoisimulia hadithi hii. Mimi kinachonivuta ni alichofanya Bibi Aisha baadaye. Hakununa, na hakukitupa kitambaa kilichochanika. Alikikata akashona mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo. Kitambaa ni kilekile, nyumba ni ileile. Kilipokuwa ukutani kilikuwa cha kutazamwa, na kilipokuwa mto kikawa cha kuegemewa na mtu aliyechoka. Humo mna fiqhi nzima ya kupamba nyumba, na mna ufundi pia, kwa sababu mtu asiyejua kushika mkasi na sindano asingeweza kuigeuza hasara ile kuwa faida.

Sasa tuje kwetu. Chumba na sebule, kiwanja kimoja wapangaji kadhaa, dirisha moja mbele na jingine nyuma. Harusi ikikaribia, au Iddi, yanaanza mashindano. Jirani ameweka pazia la tabaka mbili, nasi tuweke. Jirani amevisha makochi yake vitambaa vya lesi, nasi tuvishe, hata kama kochi lenyewe limevunjika mguu. Fedha inakopwa dukani, na mwezi unaofuata mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Jabir iliyo ndani ya Sahihi Muslim alihesabu matandiko ya nyumba: la mume, la mke, la tatu la mgeni, na la nne akalitaja kuwa la shetani. Angalieni kwamba mgeni kahesabiwa. Uislamu haukututaka tuishi kama tuliokimbia vita, huku tukiwa na uwezo wa kumwandalia mgeni mahali pa kulala. Na Allah katika Suratun Nahl, aya ya 80, ametaja nyumba kuwa mahali pa utulivu, kisha katika aya hiyohiyo akataja vyombo na matandiko yatokanayo na sufi na manyoya kuwa ni neema ya kustarehe nayo kwa muda. Kwa muda, ndugu zangu. Neno hilo mtu angelikumbuka dukani asingekopa lesi.

Basi nyumba nzuri ipatikaneje bila deni? Nitasema kwa hesabu, maana sisi ni watu wa chuo.

Kitenge kizima ni yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu, na upana wake kwa kawaida ni kama sentimita 115. Ukitaka foronya ya mto wa kochi wa sentimita 45, kata vipande viwili vya sentimita 48 kila upande, ile ziada ni ya mshono. Katika upana wa kitenge vinaingia vipande viwili. Kwa hiyo nusu ya kitenge, yadi 3, inakupa vipande 10, ambavyo ni mito 5, na kinabaki kitambaa cha kutosha kamba za kufungia pazia. Shuka kubwa la pamba la mitumba, la mita 2.2 kwa 2.4, ukilikata katikati linatoa mapazia ya madirisha mawili ya mita 1, pamoja na mikunjo yake. Lakini liloweke, ulianike na ulipige pasi kabla ya kulikata. Pamba husinyaa, na pazia lililokatwa kabla ya kufuliwa likioshwa mara ya kwanza linapanda juu kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla.

Anayeanza asikimbilie kanzu. Aanze na sindano ya mkono: kifungo, pindo, kiraka. Akikaa kwenye cherehani, apitishe kwanza karatasi yenye mistari bila uzi, mpaka miguu na mikono ielewane. Kisha foronya, kisha pazia, kisha sketi ya mpira kiunoni. Kola na mikono ya shati ni mambo ya baadaye. Na kwa mji wetu, cherehani ya kukanyaga kwa miguu ina heri kuliko ya umeme, kwa sababu haijui umeme umekatika.

Allah ametupigia mfano katika Suratun Nahl, aya ya 92, wa mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Aya inahusu kuvunja viapo. Hata hivyo mfano umechukuliwa kutoka katika kazi ya uzi, nami huwakumbuka wale wanaoanza kujifunza Shaaban kwa ajili ya Iddi na kuacha katikati ya Ramadhani.

Narudi kwa kaka zangu. Al-Aswad alimuuliza Bibi Aisha Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hiyo ni riwaya ya Bukhari. Katika Musnad ya Imamu Ahmad imebainishwa zaidi: alikuwa akishona nguo yake na kurekebisha viatu vyake. Huyu ndiye kiongozi wa umma, wajumbe wa makabila wanamngoja msikitini, naye ana sindano mkononi. Hapa Jabe na kwa jirani zetu Buyenzi, waliokaa nyuma ya cherehani barazani wengi ni wanaume, na hakuna anayewacheka kwa kuwa wanalipwa. Ajabu ni kwamba mwanamume huyohuyo akiambiwa ashone kifungo cha shati la mwanawe nyumbani, anaona heshima yake imeporomoka.

Inapokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Nabii Idris alikuwa mshonaji, na Allah ndiye ajuaye zaidi usahihi wa habari hiyo. Lakini habari ya Nabii Daud iko ndani ya Qur'an. Alifundishwa kutengeneza mavazi ya chuma, na katika Surat Saba akaamrishwa apime sawasawa pete zake. Naye, kama ilivyo katika Sahihi Bukhari, alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake ilhali ni mfalme.

Ninalisema hili kwa sababu nina hofu juu yetu. Tunatoka Mutanga na shahada, tunakaa mtaani miaka tukisubiri barua ya kazi, na anayetushauri tujifunze fani ya mkono tunamwona ametutukana. Anas bin Malik amesimulia kwamba fundi mshonaji mmoja alimwalika Mtume chakula. Alikuwa na mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Mtume alikwenda, akawa anayafuata mumunye pembezoni mwa sahani, na Anas akaanza kuyapenda tangu siku hiyo. Jina la fundi halikutajwa katika hadithi. Fani yake imetajwa. Mwanafunzi anayeona haya kusema "baba yangu ni fundi cherehani" na aisome hadithi hii mara mbili.

Na akina dada wanaye Bibi Zaynab bint Jahsh. Mtume aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata mwanzo baada ya kufa kwake ni mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono. Alipofariki Zaynab mwaka wa 20 Hijria, naye alikuwa mfupi, wakafahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa sadaka, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kuzishona, na pato lake akilitoa kwa masikini.

Hapa ndipo panapohitaji tahadhari. Dada mmoja wa mwaka wa pili ameniuliza: amejifunza kushona, mama yake ni mjane, na amepata mahali panapokopesha fedha ya cherehani kwa nyongeza ya kila mwezi. Je, dharura haimruhusu? Nilimjibu, na nawajibu wengine wenye swali kama lake, kwamba mkopo wenye sharti la nyongeza ni riba, na mwisho wa Suratul Baqara hakuna onyo lililo kali kuliko lile la riba. Dharura ni njaa inayoua, na cherehani ina njia nyingine. Kununua kwa malipo ya awamu ni halali kwa rai ya wanachuoni walio wengi, iwapo bei yote imekatwa siku ya mkataba na haiongezeki ukichelewa. Utaratibu huu haukuzaliwa jana: kampuni ya Singer ya Marekani iliuza cherehani kwa awamu tangu 1856. Zungumza na muuzaji mwenyewe, mwandikiane, muweke mashahidi. Njia nyingine ni upatu. Dada 10 wa kampasi wakichanga sawasawa kila mwezi na kumpa mmoja kwa zamu, kila mmoja anapata cherehani yake ndani ya miezi 10 bila ziada ya faranga moja, na wanachuoni wengi wa zama hizi wameuruhusu. Najua burusi ni ndogo, na tangu 2018 nayo imegeuzwa kuwa mkopo. Lakini kundi la watu 10 lina nguvu ambayo mtu mmoja hana.

Asitegemee mtu mashine peke yake pia. Wenye umri wanakumbuka Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua. Mali za watu ziliteketea kwa siku moja, na wafanyabiashara wakatawanyika katika masoko ya mitaani. Aliyepoteza bidhaa alibaki mikono mitupu. Fundi aliyepoteza cherehani aliumia vilevile, lakini siku alipopata ya kuazima alikuwa na kazi, maana moto haukuufikia ujuzi wake.

Lililobaki ni amana, nami naliweka mwisho kwa kuwa ndilo linalowaangusha mafundi. Mshonaji anapokea nguo 40 katika kumi la mwisho la Ramadhani akijua fika anaweza kumaliza 25, na kila mmoja anamwambia "njoo kesho". Wale 15 wanakesha mlangoni pake usiku wa Iddi, na watoto wao wanasali Iddi na nguo kuukuu. Kuvunja ahadi kumehesabiwa katika hadithi mashuhuri kuwa miongoni mwa alama za mnafiki, na fundi huyo anaahidi uongo mara 15 ilhali amefunga. Pokea unachokiweza. Mwingine muelekeze kwa fundi wa jirani, riziki yako haipungui.

Halafu kuna vipande. Mteja kaleta yadi 3, gauni limekula mbili na nusu. Ile nusu ni ya nani? Mafundi wengi wanaiona kama haki ya mezani, na Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwatishia wanaopunguza katika vipimo. Kitambaa ni mali ya aliyekinunua, hata kikibaki upana wa kiganja. Kifunge pamoja na nguo yake umpe. Wengi watakuambia, "Bakia navyo, fundi." Vikishatolewa kwa ridhaa ni halali yako, na kwa mwezi mmoja vinatosha kujaza mito miwili.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.