Chupa Hiyo Isimcheleweshe Baba Yako

Kaa, mwanangu. Nimechoka, lakini hili sitaliacha lipite.

Umemnunulia baba yako mafuta ya bangi kwa kuwa umeambiwa yanayeyusha saratani ya tumbo. Majibu ya kipimo cha kinyama yametoka, daktari anamsubiri, naye yuko nyumbani anakunywa matone. Sikulaumu. Mtu anayemwona mzazi wake akila vijiko viwili vya uji na kusema ameshiba, hushika chochote kilicho karibu.

Ulichosikia kina chanzo cha kweli. Mwaka 2010 watafiti wa Korea Kusini walizitia seli za saratani ya tumbo kemikali ya jamii ya kanabinoidi, yaani jamii ya kemikali za bangi, na seli zikapunguza kuzaliana. Lakini kemikali ile, WIN 55,212-2, ilitengenezwa maabara, haikukamuliwa kwenye jani. Na jaribio lilikuwa la kwenye kisahani, ambako hakuna ini la kuivunja dawa wala mwili wa kudhurika nayo. Hata jiki ukiimwaga kwenye kisahani hicho itaua saratani. Nani atamnywesha baba yake jiki? Mpaka leo hakuna jaribio kwa wagonjwa lililothibitisha kwamba bangi inaponya ugonjwa huu.

Ina msaada wake, sikatai. Marekani iliidhinisha dronabinol mwaka 1985, yaani THC, kemikali ya bangi inayolevya, ila ya kutengenezwa, kwa wagonjwa wa saratani ambao kichefuchefu cha matibabu kimekataa dawa nyingine. Hiyo hutuliza kutapika, uvimbe haiugusi, na hutolewa kwa kipimo. Chupa yako haina hata lebo. Tena THC huchelewesha tumbo kusukuma chakula, na baba yako tayari chakula hakishuki.

Kinachoniumiza zaidi ni hizi siku zinazopita. Saratani ya tumbo ikiwahiwa, daktari wa upasuaji anaweza kuiondoa yote. Ikishaingia kwenye ini, huyo huyo daktari atakuwa na machache ya kumfanyia, na hakuna atakayeturudishia wiki tulizozimalizia kwenye matone.

Basi kesho alfajiri mtangulie kliniki, na shangazi yako aende nanyi. Chupa ichukueni, msiifiche. Mwonyesheni daktari, mmwambie mzee amekunywa kiasi gani na tangu lini, maana mafuta hayo yanaweza kugombana na dawa atakazoandikiwa. Nauli nitatoa mimi.