Shahidi Anyamazaye

Tarehe 29 Desemba 1170, Mtakatifu Thomas Becket, Askofu Mkuu, aliuawa kwa panga ndani ya kanisa kuu la Canterbury, Uingereza. Waliomwua ni makabaila wanne wa Mfalme Henry wa Pili, na majina yao yajulikana hata leo. Mwaka 1174 mfalme mwenyewe alikwenda miguu mitupu kufanya kitubio kaburini pa askofu huyo.

Karibu nasi yako mauaji yasiyo na jina la mwuaji. Padre John Kaiser wa Shirika la Mill Hill, Mmarekani, alianza utume wake nchini Kenya mwaka 1964. Aliwatetea watu waliofukuzwa katika mashamba yao, na mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi. Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha, ana jeraha la risasi kichwani. Wapelelezi wa Marekani walisema alijiua. Maaskofu wa Kenya hawakukubali. Mwaka 2007 mahakama ikaamua kwamba aliuawa. Lakini aliyemwua haikuweza kumtaja.

Wasomaji wapenzi, amri ya tano yatukataza kuua. Je, ajuaye mwuaji akanyamaza, ataepukaje swali aliloulizwa Kaini juu ya ndugu yake? Lakini amri ya nane nayo ipo: yatukataza kumshuhudia mtu uwongo. Anong'onaye jina pasipo hakika aweza kumwua mtu wa pili.

Ndugu zetu wa Mofu, na wa bonde zima la Kilombero, wajua jinsi ardhi na maji yanavyoweza kuwagombanisha mkulima na mfugaji. Mahali kama hapo, mtu akikutwa amekufa mpungani, fununu moja yatosha kulitia hatiani kabila zima, na kabla ya jua kuchwa mikuki imekwisha kunolewa. Hapo ndipo Mkristo apimwapo. Ajuaye na aseme mbele ya wenye mamlaka, hata kama mwenye kosa ni wa ukoo wake. Asiyejua na aufunge mdomo wake, hata kama anayeshukiwa ni adui yake.

Mficha maradhi, mauti humwumbua. Na kijiji kifichacho damu ni vivyo hivyo. Tuwaombee marehemu wote waliouawa, na tuwaombee pia wale wajuao, Mungu awape ushujaa wa kusema.