Jumatano: Kuchoka Karibu na Kufika

Soma Hesabu 21:4, 5. Haruni amekwisha kufa, na jangwa linaelekea mwisho. Watu waliolishwa mana karibu miaka 40 wanaichukia sasa, Kanaani ikiwa jirani.

Mfikirie dada wa Itetemia, Tabora, aliyeshauriwa apunguze uzito kwa sababu ya presha. Amebakiza kilo tatu, na mizani imegoma. Hajaanguka. Mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko ulipokuwa mzito. Ugali uleule uliompunguza mwanzoni sasa unamtosha tu. Apunguze tonge, aongeze kutembea. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walitua mizigo Tabora kabla ya Ujiji, na kutua hakukuwa kurudi pwani.

Je, kwa mujibu wa fungu la 4, Israeli walichoshwa na nini hasa?