Saa za Nyumbani ni za Nani?



Kuna malalamiko ambayo husikika karibu kila mahali wanandoa wanapokutana kuzungumza, iwe ni katika semina ya parokia au baada ya sala za jumuiya. Si ya ulevi wala ya uzinzi, ingawa hayo nayo yapo. Ni malalamiko ya saa. Mama husema saa hazimtoshi. Huamka saa kumi na moja alfajiri, akawasha jiko, akachemsha chai, akawavalisha watoto sare, na kabla hajaketi chini jua limekwisha kutua. Baba naye husema nyumba haina mpango. Soksi moja haionekani, daftari la mtoto limesahauliwa, gesi imeisha chakula kikiwa nusu kuiva, na kila asubuhi ni kelele. Wote wawili husema kweli. Kisha wote wawili hutafuta dawa ile ile: ratiba.

Ratiba ni kitu chema. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wakati pia ni mali. Lakini kabla hatujashika kalamu na kupanga saa za nyumbani, liko swali ambalo ratiba yenyewe haiwezi kulijibu. Saa hizi tunazozipanga ni za nani? Ni nani ana haki ya kuzitumia, na ni nani hulipa zinapopungua? Tukilikwepa swali hili, tutapata nyumba iliyopangwa vizuri ambayo ndani yake mtu mmoja anaumia kimya kimya.

Utaratibu hulipiwa

Tuingie katika nyumba yoyote iliyo safi. Vyombo vimeoshwa, nguo zimekunjwa, viatu vya shule vimepakwa rangi na kupangwa mlangoni. Mgeni akiingia husifu, "Nyumba hii ina utaratibu!" Ni vizuri kusifu. Lakini utaratibu haushuki kama umande. Ulitoka katika saa za mtu. Kama wakaaji wote walichanga saa zao, huo ni utaratibu wa familia. Kama ulitoka katika usingizi wa mtu mmoja, tukubali kwamba tunakalia usingizi wake kama vile tunavyokalia kochi.

Katika nchi yetu jambo hili limepimwa. Shirika la Taifa la Takwimu lilifanya uchunguzi wa matumizi ya wakati mwaka 2021. Lilikuta kwamba wanawake hutumia kama saa nne na nusu kila siku kwa kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizo na malipo. Wanaume hutumia chini kidogo ya saa moja. Hiyo ni tofauti ya mara tano hivi. Hatusemi kwamba wanaume wa Kenya ni wavivu. Wengi huondoka nyumbani kukiwa giza na kurudi kukiwa giza. Tunasema tu kwamba saa hizo zipo, zinafanywa kazi kweli, na mara nyingi hazihesabiwi na mtu yeyote.

Sheria za Kenya zimeanza kuzihesabu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa, na hata ndoa ikivunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, ulezi wa watoto na kazi ya shamba kuwa mchango katika mali ya familia. Kanisa nalo lilikuwa limekwisha kusema. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, Familiaris Consortio, alifundisha kwamba kazi ya mwanamke nyumbani itambuliwe na kuheshimiwa na wote. Ni jambo la huzuni kama hakimu mahakamani ataihesabu kazi ambayo mume aliyekula matunda yake miaka ishirini hakuihesabu.

Kazi ya kukumbuka

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani kabisa, nayo ni kazi ya kukumbuka. Ni nani anajua kwamba unga umebaki wa siku mbili? Ni nani anakumbuka kwamba kadi ya kliniki ya mtoto inasema Jumanne, kwamba mwalimu ameagiza maboksi matupu kwa kazi ya mradi, kwamba maji hukatwa Alhamisi na mitungi ijazwe Jumatano, kwamba shemeji anafiwa na mchango haujatumwa? Kichwa kinachobeba mambo haya yote hakipumziki hata mikono inapopumzika.

Hapa ndipo waume wengi wema hujikwaa. Mume husema, "Mke wangu, ungeniambia tu, ningekusaidia." Maneno haya ni mazuri, na mke hupaswa kuyapokea kwa shukrani. Lakini tuyatazame kwa makini. Anayesaidia huja katika kazi ya mtu mwingine. Anaweza kuja leo na kesho asije, wala hakuna atakayemlaumu. Anayeagiza ndiye mwenye kazi, na kuagiza kwenyewe ni kazi. Je, baba anapomlisha mtoto wake mwenyewe, anamsaidia nani? Mtoto ni wake. Sufuria aliyolia chakula ni yake. Nyumba anayoiita yake mbele ya watu ni yake pia wakati wa kufagia.

Basi tofauti kubwa katika nyumba haiko kati ya mume anayefanya kazi na asiyefanya. Iko kati ya mume anayengoja kutumwa na mume mwenye sehemu yake ambayo hatumwi.

Lakini je, si kila mtu ana kazi yake?

Baba fulani atajibu, "Mimi hubeba mawe ya ujenzi mchana kutwa. Ada ya shule hutoka mgongoni mwangu. Mke wangu ana kazi yake nami nina yangu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa." Hoja hii tusiidharau. Kugawana kazi si dhambi. Nyumba nyingi zimesimama vyema kwa mgawanyo wa namna hiyo, na haki haidai kwamba kila mmoja apike siku tatu na nusu kwa juma. Katika nyumba ambayo mume yuko barabarani na matatu tangu alfajiri hadi usiku, itakuwa ukatili kumwekea zamu ya kuosha vyombo saa tano za usiku.

Kipimo kilicho bora kuliko kuhesabu kazi ni kuhesabu pumziko. Tuulize hivi: kila mmoja akishamaliza kazi yake ya mchana, ni nani anaketi? Mume akitoka kazini akaketi mbele ya runinga, na mke akitoka kazini, au shambani, akaanza zamu ya pili jikoni hadi saa nne usiku, hapo mgawanyo hauna haki, hata kama kila mmoja "ana kazi yake". Na kama ni mume anayerudi hoi huku mke amekuwa na nafasi ya kulala mchana, kipimo hicho hicho kitamtetea mume. Mungu alipoweka siku ya pumziko hakuwawekea wanaume peke yao. Sheria ya Musa iliwataja hata watumishi na wanyama.

Na kwa kuwa tumetaja watumishi, tusimsahau msichana wa kazi. Wako wanandoa ambao wamemaliza ugomvi wao wa saa kwa kuutwika mzigo wote kichwani mwa binti wa watu. Bwana anapumzika, bibi anapumzika, na binti wa miaka ishirini huamka wa kwanza na kulala wa mwisho siku zote saba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya pumziko katika kila siku saba. Ratiba ya nyumba ya Kikristo isiyo na siku ya binti huyo imeandikwa vibaya.

Mtakatifu Benedikto na jiko

Karne ya sita, kule Italia, Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa wake Kanuni ya maisha. Wengi tunamkumbuka kwa sala na kazi. Wachache wanajua kwamba aliandika pia habari za jiko. Aliamuru ndugu wahudumiane kwa zamu za juma, na asiachiliwe mtu zamu ya jikoni isipokuwa kwa ugonjwa au shughuli kubwa yenye faida kwa wote. Anayemaliza zamu hufua taulo, hurudisha vyombo vikiwa safi na vizima, navyo hukabidhiwa anayeingia. Wanyonge wapewe wasaidizi ili wasifanye kazi kwa huzuni. Vyombo vya nyumba alitaka vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya altare.

Hapa kuna hekima kwetu. Kazi ina mwenyewe, ina mwanzo na mwisho, na hukabidhiwa. Kila kitu kina mahali pake ili anayefuata asisumbuke. Jikoni hapana mkubwa. Hata hivyo, nyumba ya ndoa si monasteri. Watawa hawana mtoto anayeanza kuharisha usiku wa manane. Ndiyo maana ratiba ya familia sharti iwe na nafasi tupu. Ikijazwa saa zote, itavunjika mtoto wa kwanza akipata homa.

Tuanzie wapi?

Wapendwa, haya ndiyo tunayoshauri.

Kwanza, tengeni nusu saa Jumapili jioni, simu zikiwa kando. Andikeni kazi zote za nyumba, hata zile za kukumbuka: nani huangalia unga, nani hujua tarehe ya kliniki, nani hujibu ujumbe wa mwalimu. Orodha hiyo itawashangaza, hasa yule ambaye hakuwa akizifanya.

Pili, kila kazi ipewe mwenyewe, si msaidizi. Mwenye kazi ya maji huangalia tanki, hununua, hujaza mitungi, bila kukumbushwa. Na mwingine asimfuate nyuma akikosoa. Akina mama, hili ni lenu. Mume akikunja nguo tofauti na mnavyokunja ninyi, ziacheni hivyo hivyo. Anayekosolewa kila mara hurudi kwenye kochi.

Tatu, kazi za asubuhi zifanywe jioni. Sare, viatu, mikoba na maji ya kunywa viwe tayari kabla ya watoto kulala. Asubuhi yenye amani hutengenezwa saa mbili za usiku.

Nne, watoto wote wafanye kazi, wavulana kwa wasichana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mvulana ambaye dada yake humwoshea sahani leo, kesho atamtafuta mke wa kuendelea kumwoshea.

Tano, chagueni yatakayoachwa. Si lazima mapazia yafuliwe kila mwezi. Si lazima kila mgeni apikiwe chapati. Kinachoachwa kwa mapatano hakileti lawama.

Saa isiyo na kazi

Neno moja la mwisho. Utaratibu nao unaweza kugeuka sanamu. Ziko nyumba safi mno ambamo watoto huogopa kucheza, na mume na mke hupeana taarifa kama makarani wa ofisi moja. Martha wa Bethania hakukemewa kwa kupika. Bwana mwenyewe alikuwa mgeni wake, naye alihitaji kula. Alionywa kwa kuwa mahangaiko yalimfanya asimwone tena Mgeni aliyekuwa akimpikia. Na huenda mahangaiko hayo yangepungua kama kazi ile isingekuwa ya mmoja. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwakumbusha wanandoa kwamba upendo unahitaji wakati wake, na kwamba mengine yaweza kungoja.

Basi tunapanga saa ili tupate saa ambazo hazikupangiwa chochote: kuketi pamoja baada ya watoto kulala, kuzungumza, kucheka, kusali. Na saa hiyo iwe ya wote wawili. Mke aliyeketi huku akiwaza maharagwe ya kesho bado yuko kazini.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Jana usiku, ni nani kati yetu aliketi wa kwanza, na ni nani wa mwisho?
2. Ni jambo gani la nyumba hii ambalo mwenzangu hulikumbuka kila siku, nami sijawahi kumshukuru?
3. Ni kazi ipi nitakayoichukua iwe yangu kabisa kuanzia juma hili?
4. Anayetufanyia kazi nyumbani hupumzika siku gani?
5. Ni nini tutakachokiacha, ili tupate kuonana?